Kampuni Mia Tano Mbele ya Komite ya Nidhamu

Kwa miaka mingi nilikuwa prezidanti wa komite ya nidhamu ya wamama mu kanisa letu, hapa Songo, kando ya ziwa, na sitaomba mtu msamaha juu ya hiyo. Kazi ilikuwa ngumu na niliifanya vizuri. Tulikuwa wanne. Mimi, mama sekretere, aliyefundisha shule ya msingi mpaka serikali ikachoka kumlipa na yeye akachoka kungoja, mama mushemasi, mjane kama mimi, anayeuza mchele wa Lubarika, na mama kesiye, anayeshika sanduku la akiba yetu na ufunguo wake, na ambaye bwana yake anaendesha kamyo.

Kila Alhamisi kisha maombi tulikaa mu chumba cha mbao nyuma ya kanisa tukaanza kuita watu. Mwanamke aliyeonekana na chupa, aliyepigana na jirani mpaka vitambaa vikaanguka, aliyekwenda kwa mganga akisema alipotea njia, wote walipita mbele yetu. Tulimsikiliza kila mmoja, kisha mimi nikamwambia, "Uko mu nidhamu." Maana yake ni hii: unakaa benchi ya nyuma karibu na mlango, hukaribii meza ya Bwana, huimbi na wamama wenzako. Mwezi ukiisha unasimama mbele ya watu, unatubu, tunakupa mkono, unarudi fasi yako. Wengine walirudi wamegeuka kabisa. Wengine walirudi mara tano.

Ninayasema haya kwanza ili mtu asiyejua kanisa letu aelewe namna gani wamama wanne wa Songo, ambao hata mmoja wao hajawahi kuona mlango wa soko la hisa, walikuja kuhukumu kampuni mia tano za Amerika.

Mtoto wangu wa pili iko kule. Sisi ni watu wa ng'ombe, wa huko juu milimani. Baba yake alichunga mpaka vita vikatushusha hapa kando ya ziwa. Kwetu ng'ombe alichinjwa siku kubwa, na bado watu walimhuzunikia kwa jina lake. Mtoto wangu anafanya kazi mu kiwanda cha nyama. Ng'ombe wanapita mbele yake wakining'inia, kutoka asubuhi mpaka jioni, na yeye anakata fasi moja tu, ile ile, miaka kumi na minane. Hajui hata mmoja alikuwa wa rangi gani.

Sasa mikono yake imeanza kufa. Vidole vinalala, haviamki mpaka avitie mu maji ya moto. Daktari alimwambia aache kisu mu mwaka huo, la sivyo mkono wa kuume hautarudi tena. Akaahidiwa kazi ingine, ya kufagia shule. Mshahara wa kufagia unatosha kula, hautoshi kuweka. Kwa hiyo pesa yote aliyoweka mu ile miaka kumi na minane ilipaswa kukaa fasi izae yenyewe mpaka uzee wake, maana ingine haitaingia. Aliniambia wazi asubuhi moja nikiwa nawasha makaa, maana asubuhi yetu ndiyo saa yake ya kwenda kulala.

"Mama, sitaacha kazi na kuwarudishia kisu chao mpaka nijue hii pesa inakaa wapi. Nikiacha kazi na pesa bado inazungukazunguka, nitaikula."

"Uiweke basi. Unangoja nini?"

"Nakungoja weye."

Akanieleza. Nitaandika vile alivyonieleza, maana ni yeye alinielewesha, mimi niliyeishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi.

"Iko orodha ya kampuni kubwa mia tano. Batu banaitumia kupima soko. Orodha ikipanda, wanasema soko imepanda. Weye unaweza kuingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kitunga, kama kikapu cha sokoni. Wenye kitunga wamekwisha kununua hisa za zile zote, weye unanunua kipande cha kitunga. Siku unataka kuuza, unauza palepale sokoni, kama vile ungeuza kampuni moja. Na wenyewe wanakata kidogo sana kwa kazi yao."

"Na ya pili?"

"Ya pili hakuna kitunga. Mshauri wa pesa, kompyuta yake inaninunulia hisa za zile kampuni moja-moja, kwa jina langu. Orodha ni ile ile, lakini kila moja iko yangu mwenyewe. Njo sababu ninaweza kusema, hii sitaki, itoe."

"Unaweza kutoa?"

"Yenye inaumiza dhamiri yako unaitoa. Aliniambia vile."

Mu familia yetu dhamiri inakaa kwangu. Watoto wanajua. Mwingine anashika ufunguo wa nyumba, mwingine anashika karatasi za shamba la Runingu, mimi nashika dhamiri.

"Tena iko na faida mu kodi," akaendelea. "Kampuni ikianguka bei, wanaiuza na hasara, na ile hasara inapunguza kodi ya faida ya zingine. Wananunua ingine inafanana nayo, ikamate fasi yake. Lakini ukirudisha ile ile kabla siku makumi tatu hazijapita, serikali ya huku haihesabu hasara yako. Siku zikipita, unaweza kuirudisha."

Nilitia makaa mengine mu mbabula, nikafikiri.

"Mwezi moja inje, kisha inarudi fasi yake."

"Ndiyo, mama."

"Basi hiyo ni nidhamu."

Yeye akacheka. Mimi sikucheka. Niliona Mungu ameweka kazi yangu hata mu benki za wazungu bila mtu kuniambia. Nikamwambia atume ile orodha yote, na asiweke pesa hata moja mpaka komite iipitie. Alikuwa mtoto wa kusikia. Hiyo ndiyo shida yake.

Alhamisi iliyofuata hatukuita mwanamke hata mmoja. Wanawake wa kanisa walipata mapumziko ambayo hawajawahi kuyapata tangu komite ianze. Mama sekretere alikuwa amenakili kampuni makumi tatu za kwanza mu kaye, daftari lake la shule, kwa mwandiko wake mzuri wa ubao, na kando ya kila moja kazi yake, kama vile mtoto wangu alivyozieleza kwa sauti mu telefone.

Kwanza niliwaelewesha njia zote mbili. Mama mushemasi alielewa mbele ya wengine.

"Ni kama kununua ndagala za hapa ziwani," akasema. "Iko mwenye kununua beseni vile liko, na vichwa na majani ndani. Na iko mwenye kuinama pale anachagula moja-moja mpaka mwenye kuuza anamuuliza kama anataka kuoa."

"Na weye unanunuaka namna gani?" mama sekretere akamuuliza.

"Minye nachagula. Lakini minye niko mjane, sina mtu ananingoja na njaa."

Bia ilitoka bila maneno. Mama sekretere alipiga mstari na tukasema amina. Kisha ikaja kampuni inayotengeneza chupa.

"Chupa za nini?" nikauliza.

"Za kila kitu," mama sekretere akasema. "Na bia pia."

"Itoke."

"Na hii inayofuata ni ya kamyo kubwa. Inapeleka vitu popote."

"Na bia?"

Hapo mama kesiye akajisogeza mu kiti. Bwana yake anapakia mu depo moja ya vinywaji, mji mzima unajua, na hata siku moja komite haijawahi kuona kamyo yake ikipita.

"Kamyo haina dhambi," akasema. "Kamyo inabeba kile wameweka juu yake."

"Ibaki," mama mushemasi akasema upesi, kwa sababu mchele wake unashuka kutoka Lubarika juu ya ile kamyo, na halipi sawa na wengine.

Ikabaki. Niliiacha ibaki. Ninaandika ukweli.

Benki zilitusumbua. Mimi nilikuwa nimekuja na andiko juu ya riba, nimeliwekea kijiti mu Biblia. Mama sekretere akasoma andiko kwa sauti, akafunga kitabu, akamtazama mama kesiye, mama kesiye akatazama sanduku la akiba lililokuwa chini ya miguu yake. Sanduku letu linakopesha wamama, na mama anayekopa anarudisha na kitu juu. Tumejenga choo cha kanisa kwa kile kitu cha juu. Benki zikabaki, zote, pamoja na moja ambayo mtoto wangu mwenyewe alisema iliwahi kumwibia.

Kampuni ya filamu ilitoka kwa sababu ya mama mushemasi. Alisema aliona kwa binti yake filamu moja yao, watu uchi kama samaki.

"Uliangalia mpaka mwisho?" mama kesiye akauliza.

"Niliangalia mpaka mwisho ili nijue ninakataza nini."

Ya mafuta ya kung'arisha ngozi ilitoka. Ya sukari ikabaki. Ya maji ya sukari yenye gesi ikabaki pia, maana mama sekretere anaziuza mlangoni kwake. Ya dawa tuliizungumza mpaka jua likageuka. Mtoto wangu alikuwa ameeleza kwamba inatengeneza dawa ya shinikizo la damu, ya sukari, na ingine ya wazee wanaume, mambo ya chumbani. Mimi nilikuwa tayari kusema itoke.

"Ibaki," mama kesiye akasema, bila kututazama. "Bei ya shinikizo la damu imepanda sana."

Tukafika kampuni za bunduki. Mama sekretere alipiga mistari moja kwa moja, moja, mbili, tatu, akigandamiza kalamu ya bik mpaka karatasi ikapasuka. Kati yetu wanne hakuna ambaye hajazika mtu wa bunduki. Mama mushemasi alisema tu, "Na zile zinazowatengenezea ndege." Nazo zikatoka.

Na mu makumi tatu zile zile kulikuwa kile kiwanda cha nyama. Kile anachofanyia kazi mtoto wangu. Sikungoja mtu.

"Itoke."

"Mama prezidanti, hiyo njo inamlipa mshahara," mama kesiye akasema.

"Itoke. Na isirudi hata mwezi ukiisha."

Ile siku nilirudi nyumbani nimejaa. Ninaikumbuka vizuri ile furaha, na ninaiandika ili mnielewe. Mimi ninayeogopa kuingia mu biro ya mtaa nikatupiwa maneno ya Kifaransa, nilikuwa nimeketi nikifukuza kampuni moja kisha ingine, na mashini kule Amerika itafanya vile nimesema. Hakuna meneja aliyekuja kujitetea. Hakuna hata moja iliyolia. Wanawake wangu wa Songo hawakuwahi kuwa watiifu vile.

Mtoto wangu alipeleka majibu kwa mshauri wa pesa. Mshauri akasema vizuri sana, mashini inakubali. Alisema kila kitu vizuri sana, mtu yule. Alisema njia hii imetengenezwa kwa watu wenye msimamo kama mimi. Nikapenda kusikia.

Alhamisi ya pili tulihukumu makumi tatu zingine. Ya tatu tulihukumu kumi na tano tu, kwa sababu mama mushemasi na mama sekretere waligombana juu ya kampuni ya telefone, kama telefone ni chombo cha Injili au cha waume wa watu, na tukaiweka "chini ya uangalizi," ambayo si kubaki na si kutoka. Ya nne hatukukaa, kulikuwa na kilio. Ya tano mvua ilishusha mto na daraja ya kwetu ikawa haipitiki. Mama sekretere alifanya hesabu kando ya kaye akaniambia kwamba kwa mwendo wetu tutamaliza Pasaka ya mwaka mwingine. Nikamjibu kazi ya Mungu haina haraka.

Kila asubuhi mtoto wangu alinipigia. Hakuniharakisha hata siku moja. Aliuliza tu, "Mmefika wapi?" nami nikamwambia, na yeye akasema, "Haya, mama," akaenda kulala, akaamka, akashika kisu.

Kisha asubuhi moja alipiga ile telefone ya kuonana sura. Alikuwa anaongea juu ya watoto, na katikati ya neno telefone ikatoka mu mkono wake. Niliona dari la nyumba yao, jeupe, na taa. Nikangoja. Nilimsikia anasema, "Ngoja kidogo, mama." Niliona vidole vinakuja juu ya kioo, vinajaribu, vinateleza, vinajaribu tena. Dari halikusogea. Mwisho nikasikia miguu, na mke wake akaokota ile telefone, na uso wake ndio ukaonekana, si wa mtoto wangu.

"Mama shikamoo," akasema. Ni binti mwenye adabu.

"Marahaba. Ni kila siku?"

Akamtazama bwana yake kwanza. "Jioni ni kila siku. Anakula na kijiko cha mtoto, ile ya mpini mkubwa."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Alisema mko mnafanya kazi yake. Asiwasumbue."

Nilikaa pale na uji wangu mpaka ukashika ngozi. Nilihesabu Alhamisi. Si zile tulizokaa tu, na zile za kilio na za mvua. Kila moja ilikuwa na siku zake sita za kisu nyuma yake. Mimi nilikuwa nikimtafutia mtoto wangu pesa safi, na nilikuwa nikiilipia kwa vidole vyake.

Baba yake alikuwa na ndugu, nitamwandika bila jina. Huko kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki fasi moja. Anampa rafiki wa kilima hiki wawili, wa kilima kile watatu, wanamchungia, wanakunywa maziwa, ugonjwa ukiingia kilima kimoja haumalizi wote. Bwana yangu alifanya vile na akakaa. Alijua hesabu yake na akalala usingizi. Ndugu yake aliwapeleka vilevile, lakini alitaka kumwona kila mmoja kwa macho yake, kumchagua, kumtoa huyu kwa sababu alimtazama vibaya, kumbadilisha yule kwa sababu mwenye kumchunga alinywa pombe. Alitembea vilima mpaka miguu ikavimba. Mwisho wa miaka, ng'ombe wa hao wawili walikuwa karibu sawa kwa wingi. Bwana yangu alikuwa na miguu.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia mimi, na nikamwuliza maneno ambayo mtu anapaswa kuuliza kwanza na si mwisho.

"Ile kodi mshauri anasema utaikimbia, ni kiasi gani?"

"Sijui. Alisema iko faida."

"Kamuulize. Muulize mtu wa mshahara wako anatozwa kiasi gani juu ya faida kama hiyo. Na muulize yeye anakata kiasi gani, na wenye kitunga wanakata kiasi gani."

Akauliza. Jibu lilichukua siku mbili, maana mtu aliyesema vizuri sana kwa kila kitu hakusema vizuri sana kwa hilo. Mtoto wangu alinisomea.

"Anasema kwa mshahara wangu, na vile nitaikalisha miaka mingi, ile kodi haitakuwa mingi. Inaweza kuwa hakuna."

"Basi unamkimbia nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Na makato?"

"Yake yanapita ya kitunga mbali sana."

"Na zile tumetoa?"

"Anasema tukiendelea kutoa vile, haitakuwa tena orodha. Soko itaenda kwake na minye nitaenda kwangu. Inaweza kuwa juu, inaweza kuwa chini, hakuna anajua. Zile mlitoa kwanza, mingi zimepanda tangu pale."

"Na ya chupa?"

"Ya chupa zaidi."

Sitaki kumtukana yule mshauri. Ile njia ya moja-moja ni kama nguo ya kushonesha. Kuna mtu mwili wake unaidai. Tajiri mwenye faida kubwa na kodi kubwa nyuma yake, ashonewe, atapata haki yake. Mtoto wangu ana mwili wa kawaida na mkono mmoja unaokufa. Fundi alipaswa kumwambia, kaka, wewe nguo yako iko pale inaning'inia, nenda ukavae. Lakini fundi gani atasema hivyo.

Lakini bunduki zilinikaa kooni. Bia ningeweza kuimeza, kwa kusema. Bunduki hapana. Nikamwuliza kama hakuna kitunga ambacho wenyewe wamekwisha kuzitoa. Akaenda kutafuta, akarudi siku ileile, sauti yake imechangamka.

"Vitunga kama hivyo viko, mama. Hiki kimetoa bunduki na sigara. Makato yamezidi kidogo ya kile cha kawaida, lakini hayafiki ya mshauri hata karibu. Na kinafuata soko, kinaachana nayo kidogo tu."

"Na bia?"

"Bia iko ndani."

"Na watu uchi?"

"Nao wako."

"Na kiwanda chako?"

"Iko. Nitakuwa na kakipande ka kiwanda."

Nilimwambia aweke pesa, yote, na Jumatatu arudishe kisu. Nilisema upesi, kabla prezidanti wa komite hajafika.

Alhamisi niliwaeleza wenzangu. Niliwaeleza vizuri, na makato, na kodi, na vidole juu ya kioo. Mama kesiye alilia kidogo. Kisha mama sekretere akafungua kaye.

"Mama prezidanti, bia tuliitoa siku ya kwanza. Tulisema amina."

"Tulisema."

"Na weye umeirudisha. Peke yako. Bila komite."

"Nimeirudisha."

"Mwanamke wa hapa akipatikana na chupa moja, tunamfanya nini?"

"Unajua tunamfanya nini."

"Na kama amepatikana na kiwanda?"

Ni mimi niliyemfundisha kuuliza vile. Mama mushemasi alijaribu kunitetea, akasema kile ni kipande kidogo sana cha kiwanda, labda kofia ya chupa moja. Mama kesiye, mwenye bwana wa kamyo, alitazama ukuta. Walitoka kidogo, wakazungumza chini ya paa la inje, wakaingia. Mama sekretere ndiye alisema, sawasawa kama mimi ninavyosemaga.

"Uko mu nidhamu."

Nikavua kitambaa cheupe cha komite, nikakikunja, nikakiweka mezani.

Benchi ya nyuma si mbaya vile nilivyowaza. Hewa ya ziwa inaingia mlangoni. Jumapili ya kwanza nilikuta pale wanawake watatu, wote niliowaweka mwenyewe, wanaokaa mwezi juu ya mwezi maana wamekataa kutubu. Walinitazama nikija na Biblia yangu, na hakuna aliyecheka, ila mmoja, mnene, wa kesi ya mganga, alisogea kunipa nafasi.

"Kaa hapa, mama prezidanti. Pale msumari unashika nguo."

Nilikuwa sijui kwamba iko msumari. Miaka yote ile.

"Weye wamekukamata na nini?" akaninong'oneza wimbo ukiwa katikati.

"Na bia."

Akanitazama tena, kutoka kichwa mpaka viatu, na heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake.

Mtoto wangu alirudisha kisu ile Jumatatu. Anafagia shule. Mwezi ule ule soko likaanguka na kitunga kikaanguka nalo, vile vile kinavyopaswa kufanya. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua. Nikatafuta mu roho yangu ni nani wa kuita mbele na kumhukumu, sikumwona. Kampuni zilikuwa zimeanguka pamoja, za dawa na za sukari na za bia, na mtoto wangu amekwisha kwenda kulala. Daktari anasema mkono hautarudi wote. Kidole gumba na cha pili vimeanza kusikia baridi, na anafurahia baridi kama mtoto.

Mwezi wangu uliisha. Jumapili ile mama sekretere alikuja mpaka benchi ya nyuma kunichukua, amevaa kitambaa cheupe changu, akanisimamisha mbele ya watu wote na kuniuliza kama ninatubu juu ya kile nilichorudisha.

Nilitazama mikono yake, ikingoja kunisalimu. Ninajua maneno, nimewafundisha wanawake mia kuyasema. Ningeyasema, wangenipa mkono, ningerudi fasi yangu. Lakini kutubu ni kusema kwamba kama siku ile ingerudi ungefanya vingine, na mimi niliiona ile siku, na dari jeupe, na vidole.

"Sitaweza," nikamwambia. "Nipeni mwezi mwingine."

Nikarudi kukaa, na yule mnene akasogea.